Wifi ya kliniki ikisumbua, anza na daftari kabla ya kununua ruta

Ukifanya kazi ya kuhudumia mitandao ya kliniki ndogo, zile zenye vyumba vichache, mapokezi, maabara kidogo na pengine chumba cha eksirei, sentensi utakayoisikia kuliko zote ni "wifi imekufa". Nimeisikia ikimaanisha printa haitoi karatasi, nimeisikia ikimaanisha mfumo wa wagonjwa umegoma kufunguka, au tableti ya sista imeganda akiwa katikati ya korido, na mara nyingine inamaanisha intaneti ya mtaa mzima imekatika wakati wifi yenyewe nzima kabisa haina tatizo lolote. Kwa mtu aliye kazini yote hayo ni kitu kimoja, kazi imesimama, na wala simlaumu. Ila wewe uliyeitwa kurekebisha ukilichukua hilo neno kama lilivyo utaishia kununua ruta mpya, watu watafurahi siku mbili tatu alafu simu inaita tena.

Mi hii kazi naichukulia kwa uzito kwa sababu ya kinachotokea upande wa mgonjwa. Dokta kaandika maelezo marefu, anabonyeza kuhifadhi, kiduara kinazunguka zunguka, alafu anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingiza pasiwedi na alichoandika hakipo tena. Mgonjwa amekaa mbele yake anamwangalia. Dokta anaandika upya kwa kukumbuka, na mtu akiandika kwa kukumbuka anafupisha, na kwenye kufupisha ndo aleji ya dawa inaachwa au dozi inaandikwa nusu. Hiyo ndo wifi mbovu kwenye kliniki, sio suala la video kukwama.

Basi cha kwanza kabisa sigusi ruta. Naweka daftari mapokezi, la karatasi, maana ukiweka fomu ya mtandaoni mtandao ukikata na fomu nayo imekata. Naomba kila mtu akipata shida aandike saa, chumba, kifaa gani, na alikuwa anafanya nini. Basi, hayo manne. Sitaki waandike sababu, sababu ni kazi yangu. Likikaa wiki moja hivi linakuwa limeshaniambia zaidi ya kifaa chochote cha kupimia. Vyumba vyote vikilalamika dakika ileile, angalia ruta yenyewe au laini ya intaneti. Chumba kimoja siku zote, hapo ni mawimbi hayafiki au kuna kitu kinayasumbua. Kifaa kimoja kila kinapokwenda, basi ni hicho kifaa. Na ikiwa ni saa fulani fulani, jua kuna kitu kinawashwa au kuna kazi inajiendesha yenyewe saa hizo, na hapo unatakiwa uwe mpelelezi kidogo. Dada wa mapokezi ndo mtu muhimu kuliko wote kwenye hili, anasikia malalamiko yote yanayopita na anajua nani kaingia chumba gani saa ngapi, muulize kwa heshima na umsikilize mpaka amalize.

Baada ya hapo ndo kutenganisha wifi na intaneti, na hii haihitaji utaalamu. Chukua laptopu, kaa kwenye chumba kinacholalamikiwa, fungua dirisha la amri upige pingi, yaani ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?" unaopima jibu limechukua muda gani kurudi, kwenda kwenye ruta, kwa kawaida anwani yake ni kama 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na uiache iendelee. Fungua dirisha la pili upige pingi kwenda 8.8.8.8 ambayo ni anwani ya Google huko nje. Dirisha la tatu piga kwa jina, jina lolote la tovuti unayoiamini, ila hii uianzishe upya shida ikitokea, maana pingi inatafuta anwani ya jina pale inapoanza tu. Sasa subiri shida itokee. Ruta ikijibu vizuri na nje hakujibu, wifi yako nzima, pigia kampuni ya intaneti. 8.8.8.8 ikijibu na jina halijibu, tatizo ni DNS, ile huduma ya kugeuza majina kuwa anwani, na hiyo watu wanaisingizia wifi kila siku. Ila ikiwa ruta yenyewe, iliyo hatua chache tu kutoka ulipokaa, inajibu kwa milisekunde 3, alafu 4, alafu ghafla 800, alafu kimya, hapo sasa umeshika, ni hewani. Alafu chomeka laptopu ileile kwa kebo kwenye ruta ileile urudie. Kwa kebo ikiwa imetulia kwenye milisekunde 1 au chini yake, hutakiwi kubishana na mtu tena.

Kuelewa kwa nini hewani panaharibika inabidi ujue wifi inaongeaje. Vifaa vyote vilivyo kwenye chaneli moja, yaani kipande kimoja cha masafa, ni kama watu walio kwenye kikao wanaoruhusiwa kusema mmoja mmoja, kila mmoja anasikiliza kwanza, akisikia kimya ndo anasema, akisikia mtu mwingine anangoja. Kwa hiyo kasi iliyoandikwa kwenye boksi la ruta haikusaidii sana kama zamu yako haifiki. Kifaa cha zamani kinachoongea polepole kinachukua muda mrefu wa zamu na kuwachelewesha wote, hata wenye simu mpya. Na kama kuna kelele isiyoisha hewani, vifaa vinangoja na kungoja, au vinasema havisikiki inabidi virudie, na wewe mbele ya skrini unaona kiduara tu.

Hapo nataka nieleze kisa cha kliniki moja maana kilinifundisha mengi. Malalamiko yao yalikuwa ya ajabu, mfumo wa wagonjwa unakatika asubuhi za siku fulani, sio zote, unakatika kama robo saa au zaidi kidogo alafu unarudi wenyewe bila mtu kugusa kitu. Ruta ilishabadilishwa kabla yangu, kampuni ya intaneti walishakuja na kupima laini yao na kukuta iko safi, na kweli ilikuwa safi. Daftari lilipojaa kidogo niliona vyumba vinavyolalamika ni vitatu na vyote vimepakana na chumba cha fiziotherapia. Mapokezi upande wa pili wa jengo hawakuwa na shida zile dakika. Nikaomba ratiba ya fiziotherapia, nikaiweka pembeni ya daftari, na saa zikaoana.

Mle ndani kulikuwa na mashine ya daiathemi, ile ya kupasha joto misuli kwa mawimbi. Mashine hizi ziko aina mbili kubwa, ya mawimbi mafupi inayofanya kazi kwenye megahezi 27.12, hiyo haigombani na wifi moja kwa moja kwa sababu iko mbali kabisa, na ya maikrowevu ambayo nyingi zinafanya kazi kwenye megahezi 2450. Nikazunguka nyuma kusoma kile kibao cha bati, kimeandikwa 2450 MHz. Sasa wifi ya gigahezi 2.4 inaanzia megahezi 2400 mpaka kama 2483 hivi, chaneli 6 katikati yake ni 2437, chaneli 11 ni 2462. Yaani mashine imekaa katikati ya nyumba. Na nguvu hazilingani hata kidogo, aksesi pointi ya kawaida, kile kifaa kinachorusha wifi, inatoa karibu sehemu moja ya kumi ya wati, hiyo mashine inatoa makumi ya wati na zipo zinazovuka wati mia mbili. Kiasi kinachovuja tu pembeni kinatosha kuzima kikao chote.

Nilimwomba mtaalamu wa fiziotherapia tusubiri mgonjwa wake wa kawaida aje, sikutaka awashe mashine hewani kwa ajili yangu. Nikakaa chumba cha pili na pingi inakimbia. Milisekunde 3, 3, 5, 4. Nikasikia mlio wa mashine kuanza, na mistari ikabadilika palepale, 240, 910, kimya, kimya, 1300, kimya. Tiba ilipoisha ikarudi 4, 3, 3. Dokta alikuwa amesimama nyuma yangu anaangalia skrini, na hakuuliza swali lolote kuhusu ruta tena.

Dawa yake haikuwa kuiondoa mashine, mashine ina kazi yake na inatibu watu. Tena ukifuatilia historia, ile masafa ya 2.4 ilitengwa kimataifa mwaka 1947 kwa ajili ya viwanda, sayansi na tiba, ndo Marekani ikaja kuruhusu mawasiliano yasiyo na leseni humo 1985, na kiwango cha kwanza cha wifi kikatoka 1997. Kwa hiyo kwenye chumba cha tiba wifi ndo mgeni. Tulichofanya ni kuhamisha kompyuta na tableti zote zinazoweza kwenda gigahezi 5, bendi nyingine ya wifi iliyo mbali na mashine, chumba kilichogusana ukuta na fiziotherapia kikavutiwa kebo, na kifaa kimoja cha zamani kilichojua 2.4 pekee kikapelekwa chaneli 1 ambayo angalau katikati yake iko 2412, mbali kidogo na mashine. Oveni ya maikrowevu ya jikoni inafanya mchezo uleule kwa kiasi kidogo zaidi, na shida zake utaziona kwenye daftari zimejazana saa ya chakula.

Majengo ya tiba nayo yana tabia zake. Chumba cha eksirei kuta zake zina risasi ndani, ile metali nzito ya kuzuia mionzi, mara nyingi milimita moja mbili, na risasi haijali wifi yako ni ya mwaka gani, mawimbi hayapiti, ukifunga mlango umejifungia ndani. Watu wanaweka aksesi pointi nje ya mlango wakitegemea, na inafanya kazi mlango ukiwa wazi, kwa hiyo fundi anapima mlango uko wazi anaondoka, wao wanafanya kazi mlango umefungwa. Pima mlango ukiwa umefungwa. Chumba kile kinataka aksesi pointi yake ya ndani au kebo moja kwa moja, lakini tafadhali sana usije na drili ukatoboa ule ukuta kutafuta njia ya kebo, ile risasi ndo kinga ya walio nje na tundu dogo ni tundu kwenye kinga. Uliza mhusika wa usalama wa mionzi wa kituo, kawaida kuna njia ya nyaya iliyotengenezwa tangu jengo linajengwa. Tofauti na eksirei kuna makabati ya chuma ya mafaili, friji ya chanjo, vioo vikubwa, vyote vinakula mawimbi au kuyarudisha. Na ruta utaikuta wapi? Chini ya meza ya mapokezi, nyuma ya kabati la chuma, sababu ndo intaneti ilipoingilia. Ipandishe juu, itoke wazi, hilo peke yake limemaliza matatizo ya vyumba vingi nilivyopita.

Kupima nguvu ya mawimbi simu inatosha, kuna programu za bure zinazoonyesha kwa dBm. Namba ni hasi, na kadiri inavyosogea karibu na sifuri ndo bora. Kwenye -50 uko vizuri sana, ninachotaka mahali pa kazi ni -67 au bora zaidi, ikifika -75 tegemea matatizo, -80 na kitu hapo usimlaumu mtu. Kumbuka kila ikishuka 10 nguvu imebaki sehemu ya kumi, kwa hiyo -60 na -70 sio majirani. Ila usiishie hapo, maana niliona vyumba vyenye -52 mistari imejaa na kazi haiendi, kile chumba cha jirani na fiziotherapia kilikuwa hivyohivyo. Mistari ya wifi kwenye skrini inakwambia unasikia kwa nguvu gani, haikwambii kelele ni kiasi gani.

Chaneli. Kwenye 2.4 tumia 1, 6 au 11 na upana wa megahezi 20, nukta. Ukiweka 40 unachukua sehemu kubwa ya bendi na kugombana na majirani wote, na ukijifanya mjanja kuweka chaneli 3 ili uwe katikati ya 1 na 6 unasumbuliwa na wote wawili na wewe unawasumbua, tena vibaya zaidi maana mkiwa chaneli moja angalau mnasikilizana na kupeana zamu. Kliniki nyingi ndogo ziko kwenye jengo lenye ofisi nyingine juu na chini, unaweza kukuta majina ya wifi yamejaa skrini nzima. Kwenye 5 kuna nafasi kubwa zaidi, 36 mpaka 48 ndo za amani. Kuanzia 52 kupanda mpaka 144 ni zile za kushirikiana na rada, aksesi pointi ikisikia kitu inachodhani ni rada inatakiwa ihame, na kabla ya kuanza kutumia chaneli ya namna hiyo inasikiliza kwa angalau sekunde 60. Kama daftari linaonyesha wifi yote ya 5 inapotea ghafla kwa dakika moja mbili alafu inarudi na chaneli imebadilika, angalia hapo kwanza. Na punguza majina ya wifi. Nimekuta kituo kidogo kina jina la madokta, la manesi, la maabara, la wageni, la printa, na kila jina linajitangaza hewani karibu mara kumi kwa sekunde kwa kasi ya chini kabisa. Mawili yanatosha, ya kazi na ya wageni.

Hiyo ya wageni ina hadithi yake. Wagonjwa wakisubiri wanataka wifi na ni haki yao kupumzika na simu zao, ila wakipewa pasiwedi ileile ya ofisi unapata matatizo mawili na moja ni kubwa sana. Dogo ni anwani kuisha. Ruta ndogo inagawa anwani labda mia moja, mia na hamsini, na nyingi zinaikodisha kila anwani kwa saa 24. Mgonjwa akikaa nusu saa akaondoka, anwani yake inabaki imeshikwa mpaka kesho. Simu za siku hizi, tangu Android 10 mwaka 2019 na iOS 14 mwaka 2020, zinaficha namba zao halisi za kifaa na kutumia za kubuni, kwa hiyo simu moja ikisahau mtandao na kuunganishwa upya inaweza kuhesabiwa kama kifaa kipya. Mchana kliniki imejaa, nesi anawasha laptopu yake, mawimbi yamejaa, lakini haipati kitu. Angalia anwani yake, ukiona inaanza na 169.254 jua laptopu imeomba anwani haikupewa ikajitungia. Watu wanazima na kuwasha ruta, baadhi ya ruta zinasahau orodha, mambo yanakuwa sawa, kesho mchana tena. Dawa ni mtandao wa wageni peke yake, uliotenganishwa, na muda wa kukodisha upunguzwe kuwa saa moja au mbili.

Lile kubwa ni siri za wagonjwa. Simu ya mtu usiyemjua kukaa mtandao mmoja na kompyuta yenye mafaili ya watu, majibu ya vipimo vyao, sio kitu cha kufumbia macho hata siku moja. Hata kama wifi inaenda vizuri na hakuna anayelalamika, ukikuta hivyo tenganisha siku hiyohiyo, badilisha pasiwedi ya kazi, na pasiwedi ya kiwandani ya kuingilia kwenye ruta nayo ibadilike. Na WPS, ile ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi badala ya pasiwedi, izime.

Tableti ya sista kuganda koridoni ni ugonjwa mwingine. Watu wengi wanafikiri ruta ndo inaamua kifaa kiunganishwe wapi, hapana, kifaa chenyewe ndo kinaamua, na vingine ni ving'ang'anizi, vitabaki vimeshikilia aksesi pointi ya mapokezi mpaka chumba cha mwisho wakati juu ya dari kuna nyingine inamwita. Kinachosaidia, ingawa watu wanashangaa ukiwaambia, ni kupunguza nguvu za aksesi pointi hasa kwenye 2.4, maana zikipiga kelele sana kifaa hakioni sababu ya kuhama. Zile huduma za kusaidia kuhama, 802.11k na v na r, ziwashe, lakini r iwashe ukiwa umekaa hapo unaangalia, kuna printa na vifaa vya zamani vinashindwa kabisa kuunganika ikiwa imewashwa. Ukilazimisha ulinzi mpya wa wifi, WPA3, pekee ni hivyohivyo, vya zamani vitabaki nje. Na vile viripita vya kuchomeka ukutani sivitaki kwenye kliniki. Vingi vinapokea na kurusha kwa redio ileile, kila neno linasemwa mara mbili hewani, kasi inashuka karibu nusu, na kikiwekwa pale mawimbi yalipoishia kinarudia ubovu uleule. Vuta kebo mpaka aksesi pointi ya pili. Kazi yake ni ya siku moja, na hutaigusa tena kwa miaka.

Kwa kweli ningeulizwa kitu kimoja tu cha kufanya ningesema hicho, kisichotembea kipe kebo. Kompyuta ya mapokezi haitembei, printa haitembei, kompyuta ya dokta mezani haitembei, mashine ya maabara haitembei. Ukivitoa hivyo hewani umewaachia nafasi vile visivyo na namna, tableti na laptopu za kuzunguka, na wao wanapata zamu haraka. Printa ndo ya kwanza kabisa, maana printa za wifi zinalala, zikiamka zinakuja na anwani nyingine, kompyuta inaitafuta ya jana. Ipe kebo, na kwenye ruta uitengee anwani yake isibadilike.

Ila kebo nayo ikaguliwe. Nilifika mahali wanasema aksesi pointi ya nyuma ni polepole, mawimbi mazuri, hewani pasafi, hamna mashine yoyote karibu. Nikaangalia switchi, kile kiboksi cha kugawa kebo, taa ya poti ile rangi tofauti na wenzake, inaongea megabiti 100 badala ya 1000. Gigabiti inataka jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo, 100 inahitaji jozi mbili tu, kwa hiyo ikikatika moja ya zile jozi ambazo 100 haizihitaji kitu hakizimiki, kinapoa kimyakimya na hakuna anayejua. Nikafuata kebo kwa mkono kutoka ukutani, ilipita chini ya meza ya nesi, na pale ambapo gurudumu la kiti chake linapita kila siku ilikuwa imekuwa bapa, ganda limechanika na shaba inaonekana. Aksesi pointi zinazokula umeme kupitia kebo zina jambo lingine, kiwango cha kwanza kinatoa mpaka wati 15.4 kwa poti na kinachofuata wati 30, na aksesi pointi mpya ukiichomeka kwenye switchi ya zamani zipo zinazowaka vizuri tu lakini zinapunguza nguvu au kuzima redio moja bila kusema. Soma ukurasa wake wa hali, usitosheke na taa.

Kama wanalalamika jioni, au kila baada ya mgonjwa wa eksirei, angalia kinachopanda kwenda nje. Picha moja ya eksirei ya kidijitali inaweza kuwa makumi ya megabaiti, na laini nyingi za intaneti kupanda kwake ni kudogo kuliko kushuka. Picha zikianza kupanda kwenda kwa msomaji wa picha, au bakapu ya seva ikianza saa ambayo watu bado wako kazini, foleni inajaa ndani ya ruta na kila kitu kingine kinakaa nyuma yake, hata kubonyeza hifadhi. Pingi ya ruta itakuwa safi, ya nje imepanda kutoka 30 kwenda elfu. Bakapu ipeleke usiku wa manane, na kwenye ruta weka kikomo cha kupandisha kiwe chini kidogo ya uwezo wa laini ili foleni isijengeke, ruta nyingi za sasa zina sehemu ya hiyo.

Kuna kimoja kidogo lakini kinapoteza watu muda, USB 3. Diski ya nje au kebo yake isiyokingwa vizuri ikikaa karibu na kile kidude cha wifi cha kuchomeka au cha mausi isiyo na waya, inatoa kelele kwenye 2.4. Intel walichapisha maelezo ya kitu hiki 2012. Mausi ya dokta inarukaruka na wifi ya kompyuta yake peke yake ni mbovu, jirani hana shida. Kidude kihamishie upande mwingine kwa kiunganishi kifupi cha USB, imeisha.

Kuhusu kufanya mabadiliko, usifanye kliniki ikiwa na wagonjwa, hata kama ni kubadilisha chaneli ambayo ni sekunde chache, maana hujui dokta yuko kwenye mstari gani wa maelezo yake. Fimwea ya ruta, yaani programu yake ya ndani, hivyohivyo, baada ya kufunga. Vifaa vya tiba vyenye wifi usivipe apdeti wala kugusa mipangilio yake bila mtengenezaji au fundi wake kujua, wewe badilisha mtandao uendane nacho. Na badilisha kitu kimoja, uache siku kadhaa, usome daftari, ndo uguse kingine. Najua inachosha, watu wanataka vyote leo. Ukibadilisha vitano kwa pamoja ikapona hujui kilichoiponya, na ikirudi baada ya miezi mitatu unaanza moja.

Nikimaliza naacha ramani kwenye karatasi, aksesi pointi ziko wapi, chaneli zipi, kebo ipi inaenda poti ipi, anwani ya printa, namba ya kampuni ya intaneti. Ruta, switchi na seva vinakaa kwenye UPS, ile betri ya akiba, ili umeme ukiyumba visizime na kuwaka pamoja. Kwenye droo ya mapokezi na kila chumba cha dokta zinakaa fomu za karatasi za kumwandikia mgonjwa mtandao ukiwa chini, zenye nafasi ya aleji juu kabisa, na anajulikana kwa jina nani ataziingiza kwenye mfumo ukirudi. Daftari la mapokezi siondoki nalo, linabaki hapohapo mezani na kalamu yake.